Pampu Haiokoi Mashua

Nikipanda mashua ya mtu kwa mara ya kwanza, mwenyewe hupenda kunionyesha pampu. Anafungua ubao wa sakafu, anainamia ngama, pale chini kabisa maji yanapokusanyika, ananyanyua boya la swichi kwa kidole, pampu inanguruma, naye ananitazama kama mtu aliyekwisha kujibu swali. Mimi huuliza koki ziko wapi, zile vali za kufungia matundu ya mabomba kwenye mwili wa mashua. Hapo makabati yanaanza kufunguliwa moja baada ya jingine, magodoro yananyanyuliwa, na mara nyingi tunaishia wote wawili kifudifudi na tochi, tukitafuta tundu ambalo amelala juu yake tangu ainunue mashua hiyo.

Swali langu lina hesabu nyuma yake. Tundu la milimita 38, ambao ni upana wa kawaida wa bomba la kutolea uchafu wa choo, likiwa sentimita 60 chini ya maji na mpira wake umechomoka, huingiza kama lita 140 kwa dakika. Kwa saa moja hizo ni zaidi ya tani nane, wakati mashua ya tanga ya mita 10 yenyewe ina uzito wa tani tano, sita hivi. Watu huogopa kina, lakini kina hakina neno sana: tundu hilo hilo likiwa chini mara mbili zaidi, maji yanaongezeka kwa kama asilimia 40 tu. Upana ndio wenye balaa. Kipenyo kikizidi mara mbili, maji yanazidi mara nne.

Sasa chukua pampu. Ile inayouzwa kwa jina la galoni 2000 kwa saa, galoni za Kimarekani, ni lita 126 kwa dakika, na mashua nyingi za ukubwa huo zina pampu ndogo kuliko hiyo. Hata hizo 126 zimepimwa kiwandani, volti 13.6, maji hayapandishwi popote. Ndani ya mashua maji hayo yanapandishwa mita moja au zaidi, yanapita kwenye mpira wenye mikunjo ndani, yanapinda kona tatu nne, na betri haichajiwi, iko kwenye volti 12 na kidogo. Ukipata nusu ya kilichoandikwa kwenye boksi, shukuru. Tena pampu ya namna hiyo inakula kama ampea nane hadi kumi. Betri ya ampea-saa 100, ambayo nusu yake ndiyo ya kutegemewa, itaiendesha saa tano hivi, kama maji hayajaifikia betri yenyewe kwanza.

Kwa hiyo pampu ya umeme naihesabu kuwa ya matone: yanayopenya kwenye shafti ya rafadha (panga boi), mvua inayoshuka kupitia mlingoti, jasho la tangi. Ikitokea balaa inakununulia dakika chache za kufika kwenye koki. Kama hujui koki iko wapi, au unajua lakini haifungi, dakika hizo hazina kazi.

Tuanze na chuma chenyewe, maana ndicho kinachodanganya. Viungo vingi vya mabomba vinavyouzwa ni vya brasi, shaba iliyochanganywa na zinki, na brasi ya kawaida yaweza kuwa na zinki kama asilimia 40. Ndani ya maji ya chumvi zinki hiyo huliwa kidogo kidogo, shaba inabaki peke yake, na kiungo kinabaki na umbo lile lile na uzi ule ule. Kwa nje utakiona kizima. Kwangua kwa ncha ya kisu: brasi yenye afya inang'aa njano, iliyoliwa inatoa wekundu wa waridi, na ukiigonga kwa nyundo ndogo sauti inakuwa butu. Nimewahi kushika kiungo kama hicho na kukizungusha kwa mkono mtupu, kujaribu tu kama kimekaza, kikavunjika kama biskuti. Mashua ilikuwa nchi kavu, tukapumua.

Bronzi, yaani shaba iliyochanganywa na bati, haina ugonjwa huo. Kuna pia brasi iliyotengenezwa maalumu ili zinki isitoke, na kuna viungo vya plastiki ngumu yenye nyuzi za kioo, ambavyo mimi sina ugomvi navyo pale ambapo hakuna wa kuvikanyaga. Ninachokataa ni kuamini kwamba kilichowekwa na kiwanda ni cha kudumu. Toleo la 1994 la kiwango cha kimataifa cha viungo hivi, ISO 9093, lilihesabu kiungo kuwa kinahimili kutu kikikaa miaka mitano bila kasoro ya kukivujisha. Mitano! Wakati mashua za plastiki za miaka arobaini zimejaa magatini, na wenyewe wanazipaka rangi kila msimu juu ya viungo vilevile.

Koki iwe ya robo mzunguko: mkono wake ukifuata bomba iko wazi, ukikingama na bomba imefungwa, na unaona hivyo kwa kutupa jicho. Zile za kuzungusha gurudumu sizipendi hata kidogo. Huwezi kujua kwa macho kama imefunga, kijiti kidogo tu kinazuia lango lake lisikae sawasawa, na ufito wa ndani ukikatika gurudumu linaendelea kuzunguka kwa raha zake. Koki isiyoguswa hukwama, iwe ya aina gani, kwa hiyo zifunge na kuzifungua mara kwa mara hata kama huna safari. Mwenye mashua akiniambia koki fulani ni “ngumu kidogo”, mimi naihesabu kuwa haipo.

Kando ya kila koki kifungwe kwa kamba kizibo cha mti laini, kilichochongwa mwembamba upande mmoja na mnene upande mwingine. Kanuni za World Sailing, shirikisho la kimataifa la mchezo wa mashua za tanga, za mashindano ya bahari kuu zinataka kila tundu liwe na chake kando. Kiwe kikavu, kwa sababu mti mkavu ukilowa huvimba na kujikaza wenyewe. Na kiwe hapo hapo, maana vizibo vyote kumi vikiwa ndani ya mfuko mmoja chini ya masanduku ya chakula, siku ya siku utautafuta mfuko huo huku maji yakiwa magotini.

Halafu klipu, zile zinazoubana mpira kwenye kiungo. Utepe wake unaweza kuwa wa stenlesi na skrubu yake isiwe, kwa hiyo pitisha sumaku: ikinata kwa nguvu kwenye skrubu, hiyo klipu haifai chini ya mstari wa maji. Kutu huanzia pale utepe unapopita chini ya skrubu, na mara nyingi upande wa chini ambako jicho halifiki. Mimi hutumia kioo kidogo cha fundi, halafu kidole gumba. Kidole kikirudi na rangi ya kahawia, klipu inatoka siku hiyo hiyo. Weka mbili kila mwisho wa mpira, lakini pale tu ambapo shingo ya kiungo ni ndefu ya kutosha kuzishika zote mbili. Klipu ya pili iliyokaa nje ya shingo inabana hewa na kuukata mpira. Nao mpira ukiuminya ukasikia unatatarika ndani, au ukiukunja ukaona nyufa nyembamba, umemaliza kazi yake.

Hadi hapa nimezungumzia vitu vinavyoharibika. Mashua ya tanga inaweza pia kujaa maji bila kitu hata kimoja kuharibika, na katika hili haifanani na boti ya injini.

Mashua ya tanga hulala. Mstari wa maji unaouona gatini sio utakaokuwepo ukienda joshi, yaani ukikata kuelekea unakotoka upepo, upepo ukiwa mkali. Upande wa demani, ule upepo unakoelekea, tundu lililokuwa juu linakwenda chini, na sinki la jikoni lililokuwa salama linajikuta chini ya usawa wa bahari. Nilikuwa kwenye mashua moja, mwenzetu anaosha sufuria, nahodha akageuza goshi, upepo ukawa unapiga kutoka upande wa pili. Sinki likaanza kujaa lenyewe kutoka chini, taratibu, maji meupe yenye povu kidogo, yakapita sufuria, yakafika ukingoni. Mwoshaji akadhani limeziba, akaenda kutafuta kitu cha kuzibulia. Yalikuwa yameshaanza kumwagika sakafuni, lita kwa lita, ndipo mtu aliyekuwa usukanini akapiga kelele kwamba afunge koki. Hakuna kilichopasuka. Bomba lilifanya kile bomba linachofanya, ila kwa upande wa pili.

Choo ni kisa hicho hicho kilichoongezewa ubishi. Bakuli la choo mara nyingi liko chini ya usawa wa bahari hata mashua ikiwa wima, na mpira ukishajaa maji, mwisho mmoja ukiwa baharini na mwingine ndani ya mashua mahali pa chini zaidi, maji yatapanda kilima chochote cha mpira na kuteremkia ndani mpaka pande zote mbili zilingane. Hayahitaji pampu kufanya hivyo. Kinachoyazuia ni hewa. Ndiyo sababu mpira hupandishwa kitanzi kirefu na juu kabisa kunawekwa vali ndogo ya kuingiza hewa, inayoukata mnyororo wa maji. Kitanzi kiwe juu ya usawa wa maji hata mashua ikiwa imelala, na kiwe karibu na katikati ya mashua, sio ubavuni ambako kitazama pamoja na ubavu. Nayo hiyo vali ndogo hushika chumvi. Ikiganda imefungwa, kitanzi kizima ni pambo. Itoe, ioshe kwa maji matamu, ipulize kwa mdomo uhakikishe inapumua.

Nje ya hapo ni nidhamu tu: koki za choo zinafungwa kila baada ya kutumika mkiwa safarini, na mgeni anaelezwa hivyo kabla ya kuelezwa habari za jaketi la kuokolea.

Sasa rudi kwenye ile pampu ya ngama. Tundu lake la kutolea maji liko wapi? Kama liko ubavuni, sentimita chache juu ya mstari wa maji, upande huo ukilala linazama. Pampu inafanya kazi, inasimama, na mpira ukiwa umejaa maji kutoka ngamani hadi baharini, bahari inaanza kurudi ndani kupitia pampu yenyewe, kwa kuwa impela ya pampu hizi, lile gurudumu la mapanga linalosukuma maji, haizuii chochote. Boya linapanda, pampu inawaka, inatoa, inasimama, maji yanarudi. Mchezo huo unaendelea mpaka betri iishe, na ikiisha maji yanaingia bila wa kuyabishia. Kifaa kilichonunuliwa kuiokoa mashua ndicho kinachoizamisha. Tundu hilo likae juu kabisa, nyuma kwenye tezi kama inawezekana, na mpira wake nao upandishwe kitanzi chenye hewa.

Wengi hujibu kwa kuweka vali ya njia moja kwenye mpira. Mimi naiondoa kila ninapoikuta, isipokuwa mwenyewe akatae. Unywele mmoja au kipande cha uzi kinaifanya isifunge, kwa hiyo haizuii maji ya bahari kwa uhakika. Na ikifunga vizuri, inashikilia maji juu yake huku hewa ikinaswa chini kwenye pampu. Impela inazunguka ndani ya hewa, haina nguvu ya kuisukuma vali ile wala maji yaliyolalia juu yake, na mtu anasikia pampu inanguruma akidhani mambo ni mazuri.

Pampu yenyewe haifi sana. Kinachokufa ni swichi na waya. Boya hukwama kwa karatasi iliyobanduka kwenye kopo, kwa vinyweleo, kwa maranda ya fundi aliyekuja wiki iliyopita akaacha ubao haujafagiwa. Likikwama chini, pampu haiwaki. Likikwama juu, inazunguka mkavu mpaka imalize betri. Viungo vya waya huwekwa chini ngamani kwa sababu waya wa pampu ulikuja mfupi, navyo huliwa na kutu ya kijani hadi ndani ya mpira wa waya. Vipandishe juu, utumie waya uliopakwa bati na viungo vya kuminya vyenye ala inayosinyaa kwa moto na kuziba kabisa. Pampu iungwe moja kwa moja na betri, isipitie swichi kuu, ili ukizima umeme wa mashua na kwenda nyumbani yenyewe ibaki macho. Lakini fyuzi iwepo, na iwe ya kiwango alichoandika mtengenezaji. Impela ikikabwa na kamba, mota hunyonya umeme mwingi bila kuzunguka, na fyuzi kubwa kupita kiasi itauacha waya upate moto kabla haijakatika.

Jambo ambalo hunitia wasiwasi zaidi ya pampu iliyokufa ni pampu inayofanya kazi vizuri. Swichi ya kujiwasha inaficha ugonjwa. Mashua inaweza kuvuja mwezi mzima gatini, pampu ikatoa maji usiku na mchana bila mtu kujua, mpaka siku chaja ya gatini ilipochomolewa. Weka kihesabio cha mara ngapi pampu imewaka, au taa inayoonekana ukiwa juu. Kisha weka boya la pili, sentimita chache juu ya la kwanza, lililounganishwa na king'ora chenye kelele za kumwamsha jirani. Mashua nyingi huzama zikiwa zimefungwa gatini, hazina mtu, na huko hata nahodha hodari hana anachosaidia.

Gatini pia kuna hatari ambayo watu hawaihesabu: maji matamu. Bomba la ndani likipasuka ukiwa baharini, tangi litamwagikia ngamani na utapata kiu, lakini mashua haitazama, kwa kuwa uzito ule ulikuwamo tangu mwanzo. Ukiwa umeunganisha mpira wa gatini moja kwa moja na mabomba ya mashua, hilo tangi sasa halina mwisho. Kiungo kimoja cha plastiki kikiachia chini ya sinki, maji ya mji mzima yanakuja kwako. Funga bomba la gatini kila unapotoka, hata kama unakwenda kununua mkate.

Injini nayo ina mlango wake. Ikigoma kuwaka na ukaendelea kubonyeza stata, pampu yake ya maji ya bahari inaendelea kusukuma, ilhali hakuna moshi wa kuyatoa nje. Sailensa inajaa na maji yanarudi hadi kwenye silinda. Ikigoma, funga koki ya maji ya injini wakati unaendelea kujaribu, na uifungue mara ikishika.

Tuseme sasa umeshuka chini ukakuta mbao za sakafu zinaelea. Kwanza onja. Ndiyo, chovya kidole uonje. Maji matamu yanakuambia ni tangi au bomba la ndani, kwa hiyo zima pampu ya maji ya kunywa na upunguze mapigo ya moyo. Ya chumvi ni bahari. Ya chumvi na vuguvugu yametoka kwenye injini. Kisha funga koki zote bila kuchagua, halafu ndipo utafute. Kumbuka pia kwamba mashua za siku hizi zina ngama ya kina kifupi: zikilala, maji yote yanakimbilia ubavu wa demani nyuma ya makabati, na pampu iliyo katikati inabaki inanyonya hewa.

Mashua ya tanga ina dawa ambayo boti ya injini haina. Kama maji yanatoka ubavu wa demani, geuza goshi. Tundu linapanda, huenda likatoka majini kabisa, na hata lisipotoka umelipunguzia kasi. Mashua ikae wima au ilale upande mwingine huku mtu anapigilia kizibo. Na asiwepo wa kukimbilia chelezo cha kuokolea wakati mashua bado inaelea. Katika mbio za Fastnet za Agosti 1979, zilizokumbwa na dhoruba kati ya Uingereza na Ireland na kuua mabaharia 15, mashua 24 ziliachwa na watu wake. Zilizozama ni tano. Nyingine zilikutwa baadaye zikielea.

Pampu ya mkono isiwe moja tu, na walau moja iweze kuendeshwa kutoka juu milango yote ikiwa imefungwa. Mpini wake ufungwe kamba, kwa kuwa pampu bila mpini ni tundu jingine la kuhesabu. Fungua kifuniko chake kila msimu uutazame utando wa mpira wa ndani, kwani hupasuka pembezoni ukikaa miaka bila kazi. Kanuni zile zile za World Sailing zinadai ndoo mbili imara, za lita 9 au zaidi, kila moja na kamba yake. Baharia mwenye woga wa kutosha na ndoo ya lita 9 anaweza kuishinda pampu ya umeme kwa dakika kumi za kwanza, kisha anahitaji mtu wa kumpokea.

Kitu cha kufanya wikendi hii, kama mashua yako iko karibu: mwaga ndoo kumi za maji matamu ngamani, usiguse swichi, ushike saa. Tazama boya linapanda kwenye kimo gani, pampu inatumia muda gani, na ikizima ni maji kiasi gani yanayorudi kutoka kwenye mpira. Gawanya lita kwa dakika. Andika namba hiyo kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye ubao wa ngama, na pembeni yake andika ile iliyo kwenye boksi.